Chunjua za usoni na leza, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Jamani kabla ya yote, mafuta ya ganda la korosho usipake usoni. Najua huku kwetu ndo dawa ya kwanza mtu anayokimbilia, mdogo wangu alipaka tone moja tu shavuni usiku, asubuhi pameshatoka lengelenge kama kamwagikiwa uji wa moto, mpaka leo ana doa jeusi pale na chunjua ikaota tena pembeni. Yale mafuta yanaunguza ngozi, kirusi kinacholeta chunjua kinabaki.

Anza kwa kujua kama ni chunjua kweli. Vile vipele vyeusi laini vinavyowatoka watu wazima mashavuni sio chunjua na haviambukizi. Nenda hospitali ya Ligula, au Sokoine kama uko Lindi, au Ndanda, uonwe, na kama zimekuota nyingi kwa ghafla pima na VVU mana kinga ikishuka zinashamiri. Wakikuandikia rufaa ya Dar piga simu kwanza uulize kama mashine ya leza, ile inayotoa chunjua kwa mwanga mkali, ipo na inafanya kazi, ndo ukate tiketi ya basi.

Ukifika muulize daktari ni leza gani na kama ameshawafanyia watu weusi kama sisi, usione aibu, uso ni wako. Leza ya kaboni dioksaidi (CO2) inachoma chunjua mpaka inageuka mvuke, unapigwa ganzi kwanza alafu unasikia tu harufu kama nywele zinaungua. Nyingine inapiga mishipa midogo ya damu inayolisha chunjua, hiyo inachapa kama raba ya kufungia noti na mara nyingi utarudi zaidi ya mara moja. Zote lazima ufunikwe macho, na wahudumu wavae barakoa mana ule moshi unaweza kubeba kirusi.

Sasa hapa ndo wengi tunaharibu. Ngozi yetu joto likizidi inaacha doa jeusi au jeupe, kwaiyo omba ajaribu kachunjua kamoja karibu na sikio kwanza, msubiri wiki kadhaa muone palivyopona. Kama kwenu makovu huwa yanavimba na kukua mwambie, na kama unatumia mkorogo au vidonge vya chunusi mwambie pia, usifiche.

Baada ya hapo panafunga gamba, usilibandue hata likiwasha vipi, osha taratibu, paka vaselini kidogo, siku 7 mpaka 14 kwa kawaida linadondoka lenyewe. Jua la huku unalijua, tembea na kofia pana au mtandio, na ngozi ikishafunga paka losheni ya kuzuia jua SPF 30 kwenda juu kila siku kwa miezi kadhaa. Pakitoa usaha rudi hospitali haraka.

Na wanaume, usipitishe wembe juu ya chunjua, ndo unavyozisambaza kidevu kizima, saluni nenda na mashine yako ya kunyolea. Ikiota nyingine rudi ikiwa bado ndogo kama punje ya mtama.