Namna ya Kuonja Chardonnay ya Nchi za Baridi Ukiwa Kampala

Mhudumu mpya akija kwenye mgahawa wetu hapa Kololo, somo langu la kwanza la mvinyo mweupe huanzia kwenye friji. Friji za baa zetu huwa kwenye nyuzi 4 hivi, na kwa baridi hiyo Chardonnay, mvinyo mweupe wa zabibu ya jina hilohilo, hainukii chochote. Ulimi unapata ukali tu. Itoe chupa, iache mezani dakika 15 hadi 20, uionje ikiwa kati ya nyuzi 10 na 12. Lakini usiisahau, maana mchana wa Kampala hauna subira. Ikishapata joto kupita kiasi, pombe hupanda puani na kufunika vingine vyote.

Nasema Chardonnay ya nchi za baridi kwa sababu zabibu hii hupandwa karibu kila mahali, na tabia yake hufuata kwao. Iliyokulia kwenye joto hunukia nanasi, embe na papai, na pombe yake hufika asilimia 14 au zaidi. Iliyokulia kwenye baridi huiva polepole, sukari haipandi sana, na uchachu unabaki. Sisi wa milimani Kasese tunalijua jambo hili kwa kahawa: ya juu huchelewa kuiva kuliko ya bondeni, na ladha yake si moja. Mashamba ya baridi yenye sifa ni Chablis, kaskazini mwa Burgundy huko Ufaransa, na Tasmania kule Australia. Zinazotufikia kwa urahisi zaidi hapa ni za Afrika Kusini, na huko tafuta Elgin au Hemel-en-Aarde. Elgin ni nchi ya matufaha, uwanda wa juu karibu na Cape Town ambako mawingu na upepo wa bahari hupunguza makali ya jua.

Mimina theluthi ya glasi, usizidishe, ili upate nafasi ya kuuzungusha mvinyo. Rangi haihitaji muda mrefu. Weka karatasi nyeupe nyuma ya glasi: mvinyo mchanga huwa wa manjano hafifu, mara nyingine na ukijani kidogo, dhahabu huletwa na umri au kukaa kwenye pipa la mbao. Ukiona kahawia kwenye chupa ya miaka miwili au mitatu, shuku.

Hapa naomba utulie, kwa sababu sisi tuko mbali na bandari. Mizigo mingi hupanda kwa barabara kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100, ndani ya kontena linalochomwa na jua, kisha chupa inasimamishwa dukani chini ya bati. Kabla ya kufungua, tazama kama kizibo kimesukumwa juu, au kama kuna mvinyo uliovuja na kunata shingoni. Mvinyo uliopikwa na joto hunukia tufaha lililochemshwa na hauna uhai mdomoni. Kasoro nyingine hutoka kwenye kizibo chenyewe: harufu ya boksi lililoloa, au gunia lenye ukungu. Huo usimpe mteja hata kama ameshalipia. Chupa zenye kifuniko cha kuzungusha ni nadra sana kuwa na shida hiyo, na sioni sababu ya kuzidharau.

Sasa nusa mara mbili, kabla ya kuzungusha na baada ya kuzungusha. Harufu za tunda lenyewe zitafute kwanza: ndimu, limau, tufaha la kijani, peasi, wakati mwingine pichi. Kisha tafuta kazi ya mtengenezaji. Baada ya sukari kugeuka pombe, bakteria wanaweza kuibadilisha asidi ya maliki, ile iliyomo kwenye matufaha mabichi, ikawa asidi ya laktiki, ile ya maziwa. Uchachu unalainika, na mara nyingi inabaki harufu ya siagi. Wengi huamini siagi ni dalili ya nchi ya joto, nami sikubaliani nao; watengenezaji wa nchi za baridi huruhusu badiliko hilo mara kwa mara, maana bila hilo mvinyo wao ungekuwa mkali mno. Harufu ya mkate au unga uliokandwa hutokana na hamira iliyokufa na kutua chini, mvinyo ukaachwa ukae nayo kwa miezi.

Pipa la mwaloni huleta vanila, karafuu, moshi na mkate uliochomwa. Chablis nyingi hutengenezwa kwenye matangi ya chuma, kwa hiyo hutazikuta. Kwetu Kasese vanila inalimwa, na harufu yake inapoanikwa ni nzito, yenye utamu na mafuta. Ya pipa ni kavu zaidi, imechanganyika na ubao. Ikiwa unanusa pipa peke yake na ndimu imepotea, punguza alama bila huruma, hata chupa iwe ya bei gani.

Utasikia pia watu wakisifu harufu ya jiwe. Ni kweli kwamba udongo wa Chablis ni chokaa na mfinyanzi, umejaa mabaki ya chaza wadogo wa kale, lakini chokaa hiyo haipandi kwenye mzizi ikaja kunukia kwenye glasi. Mimi huandika "jiwe" pale tu ninapopata harufu ya vumbi likipigwa na matone ya kwanza ya mvua.

Mdomoni ndipo hukumu ilipo. Chukua funda la kutosha, lizungushe hadi kwenye fizi, vuta hewa kidogo juu yake, kisha teme. Inamisha kichwa, funga mdomo, usikilize mate. Yakibubujika upesi chini ya ulimi na pembeni, na yakaendelea, uchachu ni wa juu. Usichanganye na pombe: pombe huchoma koo na kifua, uchachu huita mate. Halafu jiulize kama uchachu huo una tunda la kuubeba. Mkali wenye limau na peasi tele ni mvinyo hai. Mkali mtupu, mwembamba kama maji, ni zabibu ambazo hazikuiva. Kabla ya kulaumu, soma mwaka kwenye lebo. Aprili 2021 baridi kali iliunguza machipukizi ya Burgundy, Chablis ikiwemo, mavuno yakawa machache na mvinyo mwingi wa mwaka huo ni mkali na mwepesi. 2022 ulikuwa mwaka wa joto, na mvinyo wake una mwili zaidi. Mwisho hesabu kimoyomoyo tangu uteme. Ladha ya tunda ikivuka sekunde 10 bado ipo, hiyo ni chupa nzuri.

Usiiandike kuwa mbaya kwa sababu si tamu. Chardonnay hizi ni kavu, na mteja aliyezoea mvinyo mwekundu wenye sukari atakunja uso. Mwandae kwa heshima: "Mzee, huu hauna sukari na unachachua. Nikuletee kidogo uonje kwanza?" Mpe pamoja na sato wa kukaanga mwenye chumvi na ndimu; viungo hivyo viwili hupunguza ukali wa mvinyo, na tunda linajitokeza. Pilipili iwe mbali, kwani huichochea pombe iunguze. Kwa matoke na mchuzi wa njugu napendelea ile iliyopita kwenye pipa, yenye siagi kidogo.

Usimalize chupa siku ya kuionja. Funga, irudishe kwenye friji, uionje tena kesho yake ukifuata taratibu ile ile ya kuipasha. Ikiwa ndimu na uchachu vimesimama palepale, ninaiweka kwenye orodha ya mgahawa na kushauri baadhi ya chupa zihifadhiwe miaka michache zaidi. Ikiwa tunda limekimbia na kubaki ubao na siagi, siiagizi tena, hata msambazaji akishusha bei.