Kuchapa mfuniko wa chemba kwa rola (soma yote ndo uulize)

Nimechoka kuulizwa inbox kila siku jinsi ya kuchapa mfuniko wa chemba, yaani kuhamishia herufi na michoro yake kwenye kitambaa kwa wino na rola ndogo ya mkono, naliweka hapa mara moja. Ni ile staili ya Sari Dienes, msanii mama mzaliwa wa Hungaria aliyefika New York 1939, miaka ya 50 akawa anatoka usiku usiku magari yakiwa machache anachapa mifuniko na njia za waenda kwa miguu.

1. Tafuta mfuniko wa pembeni. Katikati ya barabara usiguse.
2. Fagia, chokonoa mchanga kwenye herufi. Uwe mkavu.
3. Tandaza kitambaa chembamba cha pamba, bana pande zote na tepu.
4. Wino (ule wa mafuta). Hapa ndo niliumbuka. Nilimimina moja kwa moja kwenye kitambaa eti nitausambaza na rola, ukazama wote, herufi zikapotea nikabaki na duara jeusi kama chungu, na doa likapenya mpaka kwenye mfuniko nikawa nasugua huku wapita njia wananishangaa. Wino unawekwa kwenye kioo, KIDOGO, unaviringisha mpaka rola ivae utando mwembamba na usikie mlio kama kitu kinakaangwa kwa mbali. Ukisikia chwa chwa umezidisha. Halafu usikandamize, rola ikielemewa inashuka mabondeni kati ya herufi, pitisha nyepesi mara tatu nne. Na USICHUNGULIE chini ya kitambaa, hakirudi palepale, michoro inakuwa miwili miwili.
5. Bandua, anika. Wino wa mafuta haukauki leo wala kesho.

MASWALI

– Mkuu nimemimina wino mbona umesambaa wote?
Namba 4.

– Sina rola, brashi ya rangi si inafaa tu?
Haifai. Nywele zinaingia mabondeni. Ningekuwa naona inafaa ningeandika brashi.

– Kwani hii na ile ya kuweka karatasi juu ya kitu na kusugua kwa penseli si kitu kimoja?
Swali zuri. Ni ndugu. Mchoraji Max Ernst alianza ya penseli 1925 na mbao za sakafu, ile inakupa kijivu cha kufifia, rola inakupa weusi wenye kingo kali. Ila raha ya kitambaa kikubwa ni kwamba unaweza kuchapa mfuniko, ukakihamisha, ukaongeza ufa wa lami pembeni, ukapata mtaa ambao haupo. Jaribu ukiwa na mtu wa kukusaidia, hata Dienes alisaidiwa, mchoraji Jasper Johns akiwa mmoja wao.

– Wino mikononi unatokaje jamani?
Mafuta ya kula kwanza, futa na tambara, sabuni baadaye. Ukianza na maji unaupaka tu mpaka kwenye viwiko.

– Na kwenye suruali?
Hiyo sasa ni suruali ya kazi.