SOMO: Gari inaingiza maji ndani? Tafuta yanapopita kwanza, silikoni baadae

Wadau wa Mtwara, Lindi, Masasi na huku kusini kwote, mvua zetu mnazijua, zikianza Novemba au Desemba ndo mpaka Aprili huko, na kipindi hicho maswali ni yaleyale: kapeti limelowa, gari inanuka uvundo, vioo vina ukungu asubuhi. Mtu anakimbilia gereji, anapakwa silikoni kuzunguka kioo chote cha mbele, analipa, mvua inayofuata maji yako palepale. Tatizo ni kwamba mara nyingi hakuna tobo lolote la kuziba, kilichopo ni njia ya kutolea maji imejaa uchafu, sasa silikoni itasaidia nini?

Halafu lingine, maji yanapotuama sio yanapoingilia. Yanaweza kuingia juu kwenye reli za paa yakashuka ndani kwa ndani kwenye nguzo ya mlango ukayakuta chini ya siti ya nyuma. Kwa hiyo usihukumu kwa kuangalia dimbwi tu.

Hatua ya 1: jua ni maji gani

Hapa ndo pa kutulia. Kama kapeti linalowa hata siku za jua kali, na ni upande wa abiria mbele, mshukiwa wa kwanza ni AC. Kwenye magari yetu mengi ya Kijapani yenye usukani kulia, kile kipoozeo cha AC kiko nyuma ya droo ya dashibodi, kinatoa jasho muda wote na maji yake yanatoka nje kwa kibomba kidogo cha mpira. Jaribu hivi: paki sehemu kavu, washa AC dakika 15 gari ikiwa inanguruma, chungulia chini. Kwa unyevu wa hewa ya pwani yetu lazima yadondoke, tena mengi. Yasipodondoka kibomba kimeziba, na maji yakikosa pa kutokea yanakumwagikia ndani. Dawa ni kukizibua kwa upepo mdogo au kipande laini cha plastiki kutokea chini, taratibu, usichomeke waya mkali ukaenda kutoboa kipoozeo, hapo utalia.

Kama maji yananata, yana harufu tamutamu na kioo cha mbele kinapata utando wa mafuta, hiyo ni kulanti (maji ya dawa ya kupoozea injini) inavuja kwenye kirejeta cha hita ndani ya dashi. Ila huku wengi tunajaza maji ya bomba kwenye rejeta, hivyo rangi na harufu hutaviona, we angalia kama maji ya rejeta yanapungua bila sababu. Yakipungua usiendelee kutembea nayo, injini itachemka.

Kama inalowa ikinyesha tu au ukiosha, basi ni maji ya nje, endelea hapa chini.

Hatua ya 2: zibua kwanza

Fungua boneti, angalia lile eneo chini ya waipa. Anayepaki chini ya mkorosho au mwembe atakuta shamba pale. Majani yanaziba mitaro ya pembeni, maji yanajaa kama kwenye beseni mpaka yanafikia tundu la kuvutia hewa ya AC, yanaingia ndani. Toa majani yote kwa mkono, mwaga kikombe cha maji, yaone yanatokea chini nyuma ya tairi la mbele, pande zote mbili.

Milango nayo. Wengi hawajui kwamba mlango unaruhusiwa kuingiza maji, yanapita pembeni ya kioo, yanashuka ndani ya bati na kutokea kwenye vitundu vya chini. Lile vumbi jekundu la Newala na Tandahimba likichanganyika na maji linakuwa tope, vitundu kwisha habari. Vizibue na kijiti. Ukisikia mlango unacheza chwa chwa chwa ukifunga, ujue umejaa.

Yenye kioo cha juu ya paa, mimina maji kidogo kwenye vitundu vya kona zake, nayo yanatakiwa yatokee chini ya gari.

Hatua ya 3: mpira wa maji na mtu ndani

Bado inaingiza? Inua kapeti, kausha, tandika magazeti. Mtu akae ndani na tochi, wewe nje na mpira wa maji wa kawaida. Usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari, ile inapenyeza hata kwenye raba nzima. Anzia CHINI, dakika kadhaa kila sehemu, ndo unapanda: mlango, kioo, paa. Ukianzia juu maji yanashuka kila mahali hujui lipi ni lipi.

Sehemu za kukazia macho: raba za milango (fungia kipande cha karatasi, ukivuta ikatoka kirahisi raba imechoka), kitako cha antena, taa za nyuma, na waya wa alamu au redio uliopitishwa kwenye bati linalotenga injini na ndani ya gari bila kizibo cha mpira. Na ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava ya ndani ya mlango, mafundi wa spika wanaichana wanaitupa kabisa. Weka nailoni nzito, bandika kwa gundi ile nyeusi inayonata, na ncha ya chini iingize ndani ya bati ili maji yarudi kwenye mlango.

Kioo cha mbele kikiwa ndo mkosaji, kitolewe kibandikwe upya. Kupaka juu juu ni kuahirisha.

Hatua ya 4: kukausha

Sponji iliyo chini ya kapeti inashika maji wiki na wiki huku juu unaona pakavu. Toa siti, vua kapeti, anika juani. Kabla ya kugusa siti chomoa betri usubiri dakika chache, maana kuna waya za eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) chini, zile soketi za njano usizichezee.

MASWALI

Mdau wa Nachingwea: Mkuu, maji yako kwenye shimo la tairi ya spea tu, ndani kukavu.
Jibu: Anza na taa za nyuma, toa taa uone sponji yake kama imeoza, kisha raba ya buti. Usingoe kile kizibo cha chini ukaacha wazi, vumbi litaingia humo.

Dada wa Lindi mjini: Kaka nimenunua IST ya mkononi, inanuka uvundo, muuzaji anasema ni kwa sababu ilikaa muda mrefu imefungwa.
Jibu: Dada yangu, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, angalia kama una tope. Kisha chungulia reli za siti na boliti zake. Ukikuta tope na kutu zote mbili, hiyo inawezekana ilizama, mrudie muuzaji mapema.

Mdau wa Mikindani: Nabeba samaki na barafu kwenye Probox, maji yanamwagika nyuma, harufu haitoki hata nipulizie nini.
Jibu: Marashi acha. Maji yale yana chumvi, yanakula bati. Vua kapeti la nyuma lote, suuza bati kwa maji mengi yasiyo ya chumvi, sabuni, suuza tena, anika. Wanaotembeza magari ufukweni Msimbati nao wasuuze hivyohivyo, na chini ya gari pia. Halafu tafuta chombo chenye mfuniko wa kubana, maboksi ya sponji yanavuja tu.

Mdau wa Masasi: Naenda Dar alfajiri, vioo vinajaa ukungu ila kapeti kavu.
Jibu: Toa kwenye hewa ya kuzunguka ndani, weka ya nje, washa AC na upulizie kioo. Kama filta ya hewa nyuma ya droo haijabadilishwa siku nyingi ichomoe uiangalie, ikiwa imelowa rudi hatua ya 2 kwenye majani.