Namna ya kupata chaji ya ioni kutokana na protoni na elektroni

Ioni ni atomi, au kundi la atomi, yenye chaji. Hesabu yenyewe ni ya mstari mmoja: idadi ya protoni, toa idadi ya elektroni. Jibu unalopata ndilo chaji, pamoja na alama yake. Wanaokosea huwa hawashindwi kutoa. Wengi huanza na namba isiyo sahihi au hugeuza mpangilio.

Kila protoni ina chaji ya +1, kila elektroni −1, na nyutroni haina chaji, kwa hiyo haiingii kwenye hesabu hii. Protoni zimo ndani ya kiini na mmenyuko wa kikemikali hauzigusi. Idadi yake ikibadilika, hiyo si elementi ileile tena. Kinachotoka au kuingia ni elektroni peke yake. Hapo ndipo pa kutulia, kwa sababu atomi inayopoteza elektroni hupata chaji chanya, na wengi huona kama mambo yamepinduka. Ichukulie elektroni kuwa deni. Anayefutiwa deni hali yake hupanda, anayekopa hali yake hushuka.

Anza na protoni: tafuta namba ya atomi kwenye jedwali la elementi. Kila kisanduku kina namba mbili, na majedwali hayafanani, mengine huweka namba ya atomi juu na mengine chini. Usiangalie mahali ilipo, chukua iliyo ndogo. Sodiamu ina 11 na takriban 23. Protoni ni 11. Ioni yake ina elektroni 10, basi 11 − 10 = +1, tunaandika Na⁺. Ukijikuta na sodiamu yenye chaji ya 13+, ujue umetumia 23.

Klorini ina protoni 17, na ioni yake elektroni 18: 17 − 18 = −1, yaani Cl⁻. Ukianza na elektroni utapata namba ileile yenye alama ya kinyume, na jibu zima litakuwa limeharibika. Kwenye hesabu tunaandika −2 au +3, ila juu ya alama ya elementi namba hutangulia: O²⁻, Al³⁺. Moja haiandikwi.

Swali likikunyima namba ya atomi, litakupa namba ya tungamo (jumla ya protoni na nyutroni) na idadi ya nyutroni. Tungamo 39, nyutroni 20, elektroni 18: protoni ni 39 − 20 = 19, hiyo ni potasiamu, na chaji ni 19 − 18 = +1.

Kurudi nyuma, elektroni = protoni − chaji. Al³⁺ ina 13 − 3 = 10. Kwa S²⁻ weka mabano: 16 − (−2) = 18. Anayeyaruka mabano hupata 14, na hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Ioni hasi lazima iwe na elektroni nyingi kuliko protoni. Jikague kwa hilo kila mara.

Usikariri chaji moja kwa kila metali. Chuma kina protoni 26. Kikibaki na elektroni 24 ni Fe²⁺, iliyomo kwenye vidonge vingi vya kuongeza damu. Kikibaki na 23 ni Fe³⁺, iliyomo kwenye kutu. Jedwali peke yake halikuambii ni ipi, elektroni ndizo zinazosema.

Ioni yenye atomi kadhaa hufuata kanuni ileile, ila protoni za atomi zote hujumlishwa kwanza. Chukua kaboneti, iliyomo kwenye magadi: kaboni moja ina 6, oksijeni tatu zina 3 × 8 = 24, jumla 30. Elektroni zake ni 32, hivyo 30 − 32 = −2, CO₃²⁻. Usizidishe chaji hiyo kwa tatu, ni ya kundi zima. Sasa iweke pamoja na sodiamu mbili, Na₂CO₃: protoni 22 + 30 = 52, elektroni 20 + 32 = 52. Elektroni mbili zilizozidi kwenye kaboneti zinalingana na zile mbili zilizopungua kwenye sodiamu.