Banda la bata: pambana na unyevu kwanza

Wafugaji wenzangu wa Mafinga, Njombe na Mbeya, baridi ya Juni na Julai isiwafanye mzibe banda la bata kila tundu. Bata ana manyoya mazito, baridi anaivumilia. Kinachomtesa ni unyevu. Kinyesi chake ni majimaji, na pumzi yake nayo ina mvuke, kwa hiyo banda lililozibwa hunuka na kulowa haraka. Acha nafasi za hewa juu, karibu na paa, ili upepo usimpige akiwa amelala, kisha zifunike kwa waya wa matundu madogo. Nguchiro hahitaji mlango.

Bata wengi hulala chini, hawapandi vichanja kama kuku, kwa hiyo sakafu ndiyo kitanda chao. Inua banda kidogo, mwaga maranda makavu ya mbao kama sentimita 10, na ondoa yaliyolowa kila asubuhi. Huku kwetu kwenye viwanda vya mbao, kukosa maranda ni uvivu tu.

Beseni la maji likae nje. Mimi nililiweka ndani wiki moja, nikapata tope la kufyatulia matofali.