Namna ya Kuiona Milia ya Seli za Msuli kwa Hadubini ya Shule

Nunua buchani kipande kidogo cha steki mbichi isiyo na mafuta. Andaa pia maji ya chumvi, gramu 0.9 kwa kila mililita 100, kwa kuwa maji matupu huzivimbisha nyuzi. Kata kipande kisichozidi punje ya mchele, ukifuata mwelekeo wa nyuzi badala ya kuzikata, kisha ukiweke kwenye tone la maji hayo juu ya slaidi.

Kazi yenyewe ni kuchambua. Kandamiza ncha moja kwa sindano, na kwa sindano ya pili vuta kwa urefu, kama mtu achambuaye pamba, mpaka zibaki nyuzi ambazo jicho linaziona kwa shida. Seli moja ina unene wa mikromita 10 hadi 100, kwa hiyo uzi unaouona vizuri bado ni fungu la seli nyingi. Wanafunzi wengi huacha kuchambua mapema mno, wakaishia kuona giza tupu.

Dondosha tone moja la methilini bluu, subiri dakika mbili, fyonza rangi iliyozidi kwa karatasi laini, kisha laza kifuniko taratibu kuanzia upande mmoja ili hewa isinase.

Anza na lenzi inayokuza mara 10, tafuta uzi uliojitenga, ndipo uhamie lenzi ya mara 40. Hapo punguza mwanga kwa kuziba kiasi tundu lililo chini ya slaidi, maana mwanga mkali huifuta milia hata ikiwa slaidi imeandaliwa vyema.

Kando ya uzi, chini kidogo ya utando wake, utaona viini vingi vya buluu. Viini ni vingi kwa sababu seli hii ilitokana na seli changa nyingi zilizoungana. Milia iliyokingama ni mpangilio wa protini: penye giza pana nyuzi nene za miosini, na penye weupe pana nyuzi nyembamba za aktini peke yake. Msuli unapojikunja, aktini huteleza kati ya miosini, hivyo sehemu nyeupe hupungua upana ilhali ile ya giza haibadiliki, jambo lililoelezwa mwaka 1954 na makundi mawili ya watafiti.

Ukiona mistari inayokwenda kwa urefu wa uzi tu, hiyo siyo milia. Zungusha polepole kirekebishi kidogo cha hadubini mpaka ile ya kukingama ijitokeze.