Pedali ya breki inazama: tafuta chanzo kabla ya kutoa upepo

Pedali ikilegea, mafundi wengi hukimbilia kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. Haipiti muda tatizo linarudi, kwa sababu palipoingilia upepo hapajazibwa. Gari lisitoke mpaka chanzo kijulikane.

1. Fungua boneti, tazama kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa chini ya alama ya MIN (kiwango cha chini), ama yanavuja ama pedi zimelika sana. Usiongeze kwanza, utapoteza ushahidi.

2. Injini ikiwa imezimwa, pampu pedali mara kadhaa. Ikipanda na kuwa ngumu, shuku upepo, au breki za nyuma za dram zinazohitaji kukazwa.

3. Hapa tulia. Kandamiza pedali bila kulegeza mguu kwa nusu dakika. Ikishuka taratibu chini ya unyayo, presha inatoroka. Zunguka tairi zote, chungulia upande wa ndani, papasa paipu za mpira hadi kwenye maungio. Mafuta ya breki huacha unyevu unaoteleza. Kukiwa kukavu kote na kikopo hakipungui, mipira ya ndani ya masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali) imekwisha. Hapo utatoa upepo hadi kesho, pedali itazama tu. Kikopo kikipungua na nje ni kukavu, legeza masta silinda uangalie nyuma yake, huenda mafuta yanamwagikia ndani ya busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu ya kufunga breki).

4. Chanzo kikishatengenezwa, ndipo utoe upepo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nikiwasha gari pedali inashuka kidogo halafu inasimama. Nibadilishe masta?
Jibu: Hapana, hiyo ni busta inaanza kazi. Ingeendelea kushuka ndipo ungeshuku masta.

Swali: Nikishuka mlima Kitonga breki zinakuwa laini, nikipumzika zinarudi.
Jibu: Mafuta yanachemka, kaka, na mvuke hubonyea. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huvumilia angalau nyuzi 205 za Selsiasi, lakini hufyonza unyevu wa hewani; yakichakaa yanaweza kuchemka kwenye 140 hivi. Mwaga yote, weka mapya ya chupa isiyofunguliwa, na mlima ushuke kwa gia ndogo. Chunguza pia kama kuna pedi inayong'ang'ania diski.

Swali: Fundi wangu ameongeza mafuta ya pawa stelingi kwenye kikopo cha breki. Kuna shida?
Jibu: Kubwa. Yanavimbisha mipira ya breki na kuiharibu. Usiliendeshe, livutwe gereji, mfumo uoshwe, mipira na paipu zake zibadilishwe.